Arusi na Gharama Zake

Hakuna taifa duniani, dogo au kubwa, lisilokuwa na sherehe ya kuwaunganisha mume na mke. Mataifa hutofautiana kwa mavazi, kwa vyakula, kwa nyimbo na kwa maneno yatamkwayo siku hiyo. Lakini katika jambo moja mengi yanafanana. Watu wake wamepata kulalamika kwamba arusi ni ghali, na wamepata kutafuta njia ya kupunguza gharama hiyo. Malalamiko haya si ya jana wala ya juzi. Yana umri wa zaidi ya miaka elfu mbili. Wahenga wa pwani yetu waliyakusanya yote katika maneno manne: kukopa arusi, kulipa matanga. Maana yake ni kwamba siku ya kupokea mkopo mtu huwa na furaha kama ya arusi, na siku ya kuulipa huwa na huzuni kama ya msiba. Basi yule anayekopa ili afanye arusi huzipata zote mbili kwa ukamilifu: arusi yake ni moja, na matanga yake ni ya miaka.

Vijana wengi wasomao kitabu hiki watakuwa watu wazima baada ya miaka michache. Wengine watataka kuoa au kuolewa, na wengi wao hawatakuwa na mali nyingi. Itawapasa kujibu swali lililowatatiza watu wa zama zote: arusi nzuri yawezaje kufanywa kwa fedha kidogo? Historia haijibu maswali yote, lakini swali hili imelijibu mara nyingi, na majibu yake yanafaa kupimwa.

Jibu la kwanza lililojaribiwa ni sheria. Warumi wa kale walikuwa watu wa karamu, na serikali yao iliogopa kwamba karamu zingewafilisi raia. Mwaka 161 K.K. ilitungwa sheria ya kuweka kiasi cha fedha ambazo mtu aliruhusiwa kutumia kwa chakula cha wageni. Sheria nyingine zikafuata. Katika zama za Kaisari Augusto ilitolewa amri kwamba karamu ya siku za kawaida isizidi sesteri 200, karamu ya sikukuu isizidi 300, na karamu ya arusi pamoja na ile ya siku ya pili yake isizidi sesteri 1,000. Askari wa miguu katika jeshi la Rumi alipokea wakati huo sesteri 900 kwa mwaka mzima. Kumbe kiasi kilichohesabiwa kuwa ni cha kujizuia kilizidi mshahara wa askari wa mwaka! Ni dhahiri kwamba amri hiyo haikuwa na msaada wowote kwa maskini. Ilikusudiwa kuwashika mkono matajiri tu. Na hata hao haikuwashika. Mwandishi Aulus Gellius, aliyeishi katika karne ya pili baada ya Kristo, asimulia kwamba baadaye ilitoka amri nyingine iliyoongeza kiasi cha karamu za sikukuu kutoka 300 hata 2,000, ili israfu izuiwe angalau hapo. Sheria ilimkimbilia mwizi, na ilipochoka ikampa ruhusa.

Mfano wa Rumi umerudiwa mara nyingi. Pakistani ilitunga mwaka 1997 sheria ya kukataza matumizi ya israfu katika arusi. Tajikistani ilitunga mwaka 2007 sheria ya kuweka mpaka wa idadi ya wageni wanaoweza kualikwa. Hapa Kenya, katika nchi ya Wagusii, mahari ya ng'ombe ilipanda mno katika miaka ya 1930 na ya 1940, hata vijana wengi wakashindwa kuoa kwa njia ya heshima. Wazee na mabaraza walijaribu kuweka kiasi ambacho baba asikipite. Lakini baba aliyekuwa na binti, na kijana aliyekuwa na pupa, walipatana faraghani, na kiasi cha baraza kikabaki katika maandishi. Si kusema kwamba sheria za namna hii hazina maana. Humpa mtu dhaifu hoja ya kujitetea mbele ya jamaa zake, aweza kusema, "Si mimi niliyekataa, ni serikali." Walakini sheria huweza kuhesabu sahani na ng'ombe tu. Haiwezi kuhesabu fahari iliyo moyoni, nayo fahari ndiyo mama wa gharama.

Jibu la pili ni akiba. Katika mji wa Florence, nchini Italia, baba hakuweza kumwoza binti yake bila ya kumpa mkwewe mali. Desturi hiyo ilikuwa kinyume cha yetu ya mahari, kwa kuwa huko mali ilitoka upande wa mke kwenda upande wa mume. Mwaka 1425 serikali ya mji ilianzisha hazina maalumu ya mali ya mabinti. Baba aliweka fedha zake humo wakati binti alipokuwa angali mtoto. Fedha zikakaa kwa miaka kadha wa kadha, na binti alipoolewa hazina ililipa kiasi kilichozidi sana kile kilichowekwa. Mji nao ulipata faida, maana ulikuwa na madeni ya vita na ulihitaji fedha za kuyabeba. Lilikuwa jambo la busara. Lakini tazama lililotokea. Kwa kuwa wazazi sasa walikuwa na njia ya kupata mali nyingi zaidi, wachumba nao walidai mali nyingi zaidi, na kiwango kikaendelea kupanda. Akiba ni ngao njema, lakini ikiwa watu wote waona ngao yako ni nene, huenda wakazidisha uzito wa mikuki.

Jibu la tatu ni msaada wa jamaa na majirani, nalo ndilo lililoenea kuliko yote. Uskoti ilikuwa na desturi iliyoitwa arusi ya peni. Kila mgeni aliyefika alitoa fedha kidogo. Fedha hizo zilinunua chakula na kinywaji na kuwalipa wapiga fidla, na zilizosalia walipewa bwana na bibi arusi waanzie maisha. Hivyo hata mtumishi asiye na kitu aliweza kucheza ngoma siku ya arusi yake. Mwaka 1645 Baraza Kuu la Kanisa la Uskoti lilitoa amri ya kuzizuia arusi hizo kwa sababu ya ulevi na makelele, lakini desturi haikufa: mchoraji David Wilkie aliichora katika picha yake mashuhuri ya mwaka 1818, na ndani ya picha hiyo twaona nyuso za furaha na vyombo vya watu wa kawaida.

Katika Wales palikuwa na jambo lililokaribia zaidi mambo yetu. Kabla ya arusi mtu mmoja hodari wa maneno alizunguka nyumba kwa nyumba, mkononi ameshika fimbo iliyofungwa utepe, akawaalika watu na kuwaomba vitu vya kuanzia nyumba. Baadaye, katika karne ya 19, barua zilizopigwa chapa zilichukua mahali pa mwalikaji huyo. Kila kilichotolewa kiliandikwa katika daftari pamoja na jina la mtoaji, maana hakikuwa sadaka. Kilikuwa deni la heshima, ambalo lilipaswa kurudishwa siku mtoaji au mwanawe alipooa. Msomaji wa Kenya hatauona mgeni mtu huyu mwenye fimbo. Kamati za arusi za siku zetu, pamoja na daftari zao za ahadi, ni ndugu zake.

Kwetu msaada huu ulikuwako kabla ya kuwako kwa fedha za karatasi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha Facing Mount Kenya kilichotoka mwaka 1938, aliandika jinsi Wagikuyu walivyojenga nyumba. Ilipasa nyumba ijengwe na kukaliwa kwa siku moja. Mtu mmoja hawezi kazi hiyo. Kwa hiyo marafiki walikusanyika, wanaume wakawa na kazi yao na wanawake yao, na jioni moto ukawashwa ndani. Mwenye nyumba alitoa chakula na pombe, nao walitoa mikono. Deni lake lilikuwa kwamba naye atainuka na kwenda mwenzake atakapojenga. Katika pwani, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika desturi za Waswahili katika kitabu kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903, na humo twasoma habari za posa na arusi: kilemba cha baba, mkaja wa mama, kazi ya kungwi na mengineyo. Ndugu na majirani walikuja kutwanga, kupika na kupamba bila ya ujira, na ngoma ilipopigwa wageni walitunza kwa kadiri ya uwezo wao. Haba na haba ikajaza kibaba.

Lakini haifai kuusifu msaada bila ya kutaja maradhi yake. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya kucheza lelemama. Vyama hivyo vilikuwa na mambo mengi mema. Viliwakusanya wanawake, vikawapa uongozi na sauti, na mwanachama alipokuwa na arusi au msiba wenzake walisimama naye. Walakini vyama vilishindana. Chama hiki kilipochinja, chama kile kilichinja zaidi. Hawa waliposhona nguo za namna moja, wale walishona za thamani kubwa kuliko hizo. Mashindano yaliyoanza kwa mzaha yalimaliza fedha za watu. Hapa twaona jambo la kuangaliwa sana. Mkono uliotoa ili kumwinua mwenzake ukageuka kuwa mkono wa kuonyesha pete zake. Ikiwa kamati ya arusi ya leo inachanga ili wawili wapate kuanza maisha, ni mwana wa ile kazi ya kujenga nyumba kwa siku moja. Ikiwa inachanga ili arusi hii iipite arusi ya mwezi uliopita, ni mwana wa yale mashindano.

Jibu la nne halikuchaguliwa na mtu. Lililetwa na dhiki. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikosa vitu vingi. Mwaka 1940 serikali ilikataza keki zisipakwe sukari juu yake. Basi wapishi wakatengeneza vifuniko vya karatasi ngumu vilivyofanana na keki kubwa nyeupe, na chini yake wakaweka keki ndogo ya kweli. Kuanzia tarehe 1 Juni 1941 nguo zilinunuliwa kwa kuponi, na katika mwaka wa kwanza kila mtu alipewa kuponi 66 kwa mavazi yake yote. Bibi arusi alivaa gauni la dada yake, au la rafiki yake, au suti ambayo angeweza kuivaa tena kazini. Mwandishi Barbara Cartland alikusanya magauni ya arusi ili wasichana waliokuwa katika majeshi wayaazime, wayavae siku moja na kuyarudisha. Hata binti wa mfalme hakusamehewa kuponi. Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia mwaka 1952, aliolewa tarehe 20 Novemba 1947. Alitumia kuponi kwa kitambaa cha gauni lake, na serikali ikamwongezea nyingine. Wanawake wengi waliompelekea za kwao walirudishiwa, kwa kuwa sheria haikuruhusu mtu kutumia kuponi za mwenzake. Ni kweli kwamba arusi yake ilikuwa na wageni 2,000 na keki ya urefu wa futi 9, wala hatuwezi kuiita arusi ya maskini. Lakini hata keki hiyo ilipikwa kwa vitu vilivyotumwa na wasichana wa Girl Guides kutoka Australia. Maelfu ya watu wengine walioana katika miaka hiyo kwa gauni la kuazima na keki ya karatasi. Ndoa zao hazikuwa pungufu kwa sababu hiyo.

Jambo hili latuongoza kwenye swali kubwa kuliko yote: ni kitu gani kinachofanya arusi iwe arusi? Mambo mengi tuyadhaniayo kuwa ni nguzo za arusi ni mapambo yaliyoletwa juzi. Chukua gauni jeupe. Bibi arusi wengi wa Ulaya hapo kale walivaa nguo yao bora, yenye rangi yoyote, wakaendelea kuivaa siku nyingine. Malkia Victoria alipoolewa tarehe 10 Februari 1840 alivaa nyeupe, na lesi yake ilifumwa na mafundi wa Devon ambao kazi yao ilikuwa inadhoofika. Picha zake zilienea, matajiri wakamwiga, kisha wengine wakawaiga matajiri. Watu wamesahau kwamba malkia huyo aliitumia tena lesi ile ile mara nyingi katika maisha yake. Wameiga rangi ya gauni, wakaacha kuiga uwekevu wa mwenyewe. Chukua pia pete ya almasi. Kampuni ya De Beers, iliyouza almasi, iliajiri watu wa matangazo wa Marekani mwaka 1938, na tangazo lao la mwaka 1947 lilifanikiwa mno hata vijana wakaamini kwamba uchumba bila ya almasi haukutimia. Desturi iliyozaliwa katika ofisi ya matangazo ikavaa kanzu ya mila.

Sasa tuzitazame nguzo zenyewe. Katika Uislamu, arusi huhitaji posa na kukubaliana, walii, mashahidi na mahari, na mahari ni haki ya mke. Yasimuliwa katika hadithi mashuhuri kwamba mtu mmoja maskini alitaka kuoa mbele ya Mtume, wala hakuwa na mali. Akaambiwa atafute, japo pete ya chuma. Alipoikosa hiyo pia, aliozwa kwa kumfundisha mkewe sura za Korani alizozihifadhi. Katika Kanisa Katoliki, Mtaguso wa Trento uliamuru mwaka 1563 kwamba ndoa ifungwe kwa hiari ya wawili, mbele ya padre na mashahidi wawili au watatu. Katika Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ilikusanya pamoja ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za Kihindu, za kimila na za serikali. Yataka wawili wawe wametimiza umri wa miaka 18 na kuingia kwa hiari yao. Tena yasema kwamba, pale ambapo mahari ni sharti la kuthibitisha ndoa ya kimila, sehemu ndogo ya kuwa ishara yatosha. Soma nguzo hizi zote mara mbili. Hutaona hema, wala msafara wa motokaa, wala mpiga picha. Utaona hiari, ushahidi, neno la heshima na tangazo mbele ya watu.

Mwaka 2020 Wakenya walifundishwa somo hili bila ya kutaka. Maradhi ya korona yalipoingia nchini mwezi wa Machi, mikusanyiko ilikatazwa. Baadaye arusi ziliruhusiwa kwa watu wachache, na mwezi wa Septemba idadi iliongezwa kutoka 100 hata 200. Waliokuwa wamepanga kualika watu elfu walichagua: wangoje, au waoane mbele ya wachache. Waliooana mbele ya wachache hawakuambiwa na mtu yeyote kwamba ndoa zao hazikukamilika.

Walakini haifai kuwadharau wanaopenda arusi kubwa. Hoja yao ina nguvu. Arusi si jambo la wawili peke yao. Huunganisha koo mbili, na karamu ni njia ya kuwafanya watu wengi wawe mashahidi. Mzazi aliyekula katika arusi za wengine kwa miaka thelathini huona haya kufunga mlango zamu yake ifikapo. Mama aliyemlea binti kwa jembe na kikapu hutaka siku moja ya kuonekana naye kuwa ni mtu. Haya ni ya haki. Twaona nguvu yake katika kisa kilichoenezwa na magazeti mwezi wa Januari 2017, cha wawili walioana kanisani Nairobi kwa shilingi 100 tu. Nchi nzima iliwasifu. Kisha, kabla ya miezi miwili kupita, wafanyabiashara wakajitolea kuwafanyia karamu kubwa. Tuliisifu arusi ndogo, lakini hatukuweza kuiacha ibaki ndogo. Ukarimu wetu wenyewe ulikataa.

Basi njia iliyo sawa si kuifuta karamu, bali ni kuiweka mahali pake. Na kwa kuwa insha isiyo na manufaa ni kama ngoma isiyo na ngozi, hebu tutoe katika historia hii mpango ambao kijana aweza kuufuata.

Kwanza, andika nguzo upande mmoja wa karatasi na mapambo upande wa pili. Lipia nguzo kabla ya kugusa pambo hata moja. Watu wengi hufanya kinyume: hununua mapambo, kisha wakakosa fedha za mahari waliyoahidi au za pango la nyumba ya kwanza.

Pili, hesabu wageni kabla ya kuhesabu chakula, maana idadi ya wageni ndiyo bwana wa gharama nyingine zote. Tuseme chakula cha mtu mmoja ni shilingi 500. Wageni 300 watakula shilingi 150,000. Wageni 60 watakula shilingi 30,000. Hapo hujahesabu viti, hema, kadi na maji ya kunywa, navyo vyote hufuata idadi ile ile. Mtu aweza kubishana na muuza nyama siku nzima ili apunguziwe shilingi 20 kwa kilo. Lakini akifuta majina kumi katika orodha ataokoa zaidi, kwa dakika tano. Warumi waliweka mpaka wa fedha, wakashindwa. Wewe weka mpaka wa majina, tena uuweke mapema, kabla barua hazijatoka.

Tatu, chagua siku na mahali kwa akili. Arusi ifanywayo baada ya mavuno hukuta ghala zimejaa na bei zimeshuka. Sherehe ya asubuhi ifuatwayo na chai, maandazi na matunda hugharimu sehemu ndogo ya karamu ya mchana, wala haiwavunjii wageni heshima ikiwa wameambiwa mapema. Ua wa nyumba uliofagiwa vizuri na kupambwa kwa makuti mabichi na maua ya bustani hupendeza kuliko ukumbi wa kukodi uliopambwa haraka.

Nne, katika mavazi, azima, au kodi, au shona nguo itakayovaliwa tena. Wasichana wa majeshi ya Uingereza waliazima, na malkia mwenyewe alirudia lesi yake. Nani basi atakayekucheka?

Tano, omba msaada kama Wagikuyu walivyoomba: omba mikono na vitu kabla ya kuomba fedha. Shangazi ajuaye kupika alete ujuzi wake. Mjomba mwenye gari apeleke wazee. Rafiki mwenye sauti aimbe. Fedha zilizochangwa na ziandikwe katika daftari kama walivyofanya watu wa Wales, ili ujue utakuwa mdeni wa nani siku ya furaha yake. Na zikizidi mahitaji, zisitafutiwe matumizi mapya. Ziwe za nyumba, kama zilivyokuwa katika arusi ya peni.

Sita, usikope kwa ajili ya kitu kiishacho kwa siku moja. Fedha ya kukopa ikinunua cherehani, cherehani yaweza kulilipa deni. Ikinunua pilau, pilau italiwa leo, na deni litaamka kesho pamoja nanyi. Litakaa mezani wakati mnapokula, litahesabu karo ya mtoto wenu wa kwanza, na huenda likawa neno la kwanza la ugomvi baina yenu. Hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu fedha zilizotumiwa ili watu waiheshimu ndoa ndizo zinazokuja kuitikisa.

Jambo la mwisho ni gumu kuliko haya sita, nalo ni kusema. Mipango mingi mizuri huharibika kwa sababu wawili waliona haya kuwaambia wazazi ukweli. Yapasa waende mapema, kwa adabu, wakiwa pamoja, na karatasi yao mkononi. Wamwonyeshe baba na mama fedha zilizopo na nyumba inayongoja. Wawaombe wao ndio wachague kati ya mapambo: "Tuna fedha za mambo mawili, wazazi wetu; lipi na lipi mwapenda?" Mzazi aliyeulizwa huwa mshiriki wa mpango; mzazi aliyefichwa huwa mpinzani wake. Kisha heshima aliyoitafuta kwa wingi wa sahani ataipata kwa njia iliyo bora, yaani kwa kuulizwa shauri na wanawe mbele ya jamaa.

Tangu Augusto hata leo, wafalme, mabaraza na bunge wamejaribu kuyapunguza matumizi ya arusi, na mara nyingi wameshindwa. Waliofaulu walikuwa watu wadogo wasiotajwa katika vitabu: mpishi aliyeficha keki ndogo chini ya karatasi nyeupe, msichana aliyerudisha gauni la kuazima, majirani waliomaliza nyumba kabla jua halijatua. Hao walijua kwamba arusi ni mlango, na kwamba mtu hatumii fedha zote za nyumba kwa kuupaka rangi mlango. Ngoma ya arusi italia usiku mmoja, na wageni watakwenda zao. Asubuhi watabaki wawili, pamoja na kile walichokiweka akiba, au kile wanachodaiwa.